Mla Michembe Bwawani

Jumamosi, 8 Juni

Tumefika Kisarawe salama. Daftari hili nimelinunua asubuhi kituoni Kwa Mathias tukisubiri gari, na ni la mistari mipana ya darasa la kwanza, maana nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nne na mkono wangu umeshakataa mistari mingine. Tangu Machi sina wa kuzungumza naye nyumbani. Juzi Recho, binti yetu, alinikuta nagombana na sufuria.

Mume wangu Bernard alipigwa na kiharusi tarehe kumi na nne Machi akiwa ananyoa ndevu. Mguu wa kulia unarudi, mkono unajivuta, mdomo bado umeenda upande. Maneno ndiyo hayajarudi. Amebaki nalo moja tu, nalo ni "bado". Umekunywa chai? Bado, na kikombe kitupu kiko mkononi. Unaumwa? Bado. Huyu ni mtu ambaye kwenye misiba ya majirani pale Misugusugu alikuwa akiitwa makusudi ili achangamshe watu. Daktari ametuambia miezi sita ya mwanzo ndiyo yenye kazi, baada ya hapo mambo huwa magumu. Mitatu inaisha wiki ijayo.

Kijana wa mazoezi ya viungo alisema tumtafutie mahali penye hewa, maji na watu. Kwetu sasa hivi ni vumbi na malori. Ndiyo Recho akatupatia chumba huku mlimani kwa Bi Tatu, mjane wa Kizaramo, nyumba yake inatazama bwawa. Bi Tatu katupokea vizuri, akamuuliza Bernard kwenu wapi, baba. Nikajibu mimi: sisi watu wa Bukoba. Ndilo jibu langu la siku zote.

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza. Baridi ya huku si mchezo, ukungu umekaa hadi saa nne. Bernard nimemvisha sweta mbili.

Jumanne, 11 Juni

Nieleze bwawa. Liko chini ya nyumba, limezungukwa na msitu, na upande wa pili mlima umetoa pua ndani ya maji kiasi kwamba huoni nyuma yake. Upande wetu kuna ngazi ya mawe inayoshuka majini. Bi Tatu anasema mvua za masika zikiisha mawe yanaanza kuchungulia moja moja, na likitoka la tisa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, msimu umekwisha. Leo yako nje mawe matatu.

Firdausi, binti wa Bi Tatu, anakodisha vitumbwi vya plastiki kwa wageni wanaotoka Dar wikiendi. Mtumbwi wa mbao ni wa mjomba wake, Mzee Kondo, kaka yake Bi Tatu. Mzee Kondo ana miaka kama sitini na sita, mpole, mwenye adabu zake. Akimwona Bernard anavua kofia. Kampelekea kiti mpaka pembeni ya maji ili achovye miguu kama alivyoelekezwa. Nimesema moyoni, huyu ndiye jirani.

Mimi maji nayaogopa. Kwetu ni ziwani na sijawahi kuvuka kifundo cha mguu.

Alhamisi, 13 Juni

Tumetembea hadi mti wa tatu na kurudi. Bernard alitaka kusema kitu kuhusu ndege. Nikamsaidia: ndege? Mzuri? Mweusi? Anaruka? Akasema bado, akatazama pembeni.

Jumamosi, 15 Juni

Wageni wengi, mahema, muziki. Mawe manne.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Bi Tatu kachinja mbuzi, kapika pilau, na Recho kaja na mumewe kutoka Kibaha. Tukakaa mkekani wote, Waislamu wenyeji na sisi Wakatoliki wa kuja. Mambo yalikuwa mazuri mpaka Recho, katika kusimulia tu, akataja kwamba baba yake ni Mnyamwezi wa Ndala.

Mzee Kondo akaweka tonge chini. Akamtazama Bernard kama mtu aliyekuta ng'ombe wake kwenye zizi la jirani. Akaniuliza, mwalimu, si ulisema Bukoba? Nikamwambia Bukoba ni mimi. Akanawa mikono, akasimama mbele ya watu wote, akasema yaani siku zote hizi anamvulia kofia mpagazi wa babu yake. Akasema mababu wa huyu walibeba mizigo kutoka bara mpaka pwani, na mzigo mmoja uliwashinda njiani wakautelekeza hapa Kisarawe, nao ndio huu unakula pilau. Watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, nani asiyejua.

Na mimi nilicheka. Niandike ukweli.

Jumanne, 18 Juni

Mzee Kondo kafika saa moja asubuhi. Hakuna shikamoo wala hodi. Anamwita Bernard "mla michembe". Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, chakula cha kwao Bernard, na nakiri mimi mwenyewe huwa nachemsha kwa kulazimishwa. Kamwambia sura yake imekauka kama michembe ya mwaka juzi.

Ijumaa, 21 Juni

Kila siku. Kila siku! Leo kachukua fimbo ya Bernard kaificha jikoni, anasema mpagazi haruhusiwi kutembea bila mzigo. Mimi na Bernard tumezunguka nyumba nzima tukiitafuta. Mawe manne na nusu.

Jumapili, 23 Juni

Leo nimepandisha hasira. Tumetoka kanisani, Bernard amechoka, mate yanamtoka upande mmoja kama yanavyomtoka akichoka, nami najaribu kumfuta watu wasione. Mzee Kondo akapiga kelele kutoka ngazini: mtazameni mpagazi, mdomo umepinda kwa kung'ata kamba ya mzigo. Nikaona giza. Nilimwendea mpaka pale alipo nikamwambia utani una mipaka, huyu ni mgonjwa, na kama hana haya ya mgonjwa awe na haya ya ndevu zake nyeupe. Nikamwambia asimguse, asimtanie, asimsogelee mume wangu.

Nilitegemea atanijibu. Badala yake alivua kofia, akasema, "Nisamehe, mwalimu. Sitarudia."

Nimelala mchana nikiwa na amani kama niliyeshinda kesi.

Jumanne, 25 Juni

Mzee Kondo kapita, kaamkia kwa adabu, kaenda zake. Safi.

Jumatano, 26 Juni

Kimya. Mawe matano.

Jumamosi, 29 Juni

Wageni, mahema, baiskeli. Bernard hataki kwenda majini. Nimemwambia twende tukachovye miguu, akasema bado. Nikamwinua, akakaa tena.

Jumatatu, 1 Julai

Hakula jana usiku wala leo asubuhi. Nimemkorogea uji wa lishe, nikamlisha vijiko viwili, cha tatu akafunga mdomo. Amegeuza kiti kimetazama ukuta. Nimempigia Recho, anasema labda malaria. Tumepima, hakuna malaria.

Naogopa. Naandika kwa sababu siwezi kulisema kwa sauti: naogopa kwamba huyu ndiye atakayekuwa Bernard wangu mpaka mwisho, na mimi nitakuwa nazungumza peke yangu mpaka mwisho.

Jumatano, 3 Julai

Bi Tatu ni mtu wa kuchoma maandazi na kunyamaza. Leo alikuja kukaa nami uani, akanisaidia kuchambua mchicha, tukamaliza fungu zima hajasema neno. Mwisho ndio akaniuliza kama nimeona kwamba mzee wangu kila saa moja asubuhi anageuza shingo kutazama njia anayopita Kondo.

Nilikuwa sijaona. Nilikuwa natazama uji.

Basi akanieleza taratibu, bila kunisuta. Kwamba kwao mtani ukimkataza utani umemwambia si mtu wenu. Mgeni ndiye anayeheshimiwa, anavuliwa kofia, anaulizwa hali. Na maiti. Lakini mtu aliye hai na ana mtani wake, anatukanwa. Kwamba tangu tumefika hapa, watu wote tunazungumza na mzee wangu kwa sauti ya kubembelezea kichanga, isipokuwa Kondo. Bernard mwenyewe, alipokuwa mzima, aliwahi kulala kwenye kaburi lililochimbwa kwa ajili ya jirani yetu Mzaramo, akagoma kutoka mpaka alipwe kuku, na mjane akacheka katikati ya machozi. Nilimwona kwa macho yangu na nilijivunia. Leo utani umefika kwangu nikauita dhambi.

Nimemwambia Bi Tatu basi nitakwenda kumwomba kaka yake arudi. Akasema haombwi. Utani ukiukataza unalipa faini.

Alhamisi, 4 Julai

Faini ni jogoo mwekundu, na nimpeleke mwenyewe mikononi, mchana, kwa kupita njia kuu ya mjini. Hivyo ndivyo Mzee Kondo alivyotuma kusema. Nikamnunua sokoni jogoo mwenye hasira kuliko mimi. Pale kwenye duka la vitambaa nikakutana na Adventina, mwenyekiti wa kwaya, na wenzake watatu. Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu, na jogoo huyo? Nikasema milele amina nikaongeza mwendo, jogoo ananipiga mabawa usoni.

Mzee Kondo alinipokea nje kwake. Akamkagua jogoo mkia, akamkagua kilemba, akasema mwekundu huyu si mwekundu sana lakini kwa mke wa mpagazi atafaa. Nikavumilia. Kisha akaniita shemeji kwa mara ya kwanza.

"Shemeji, mimi mzee wako simwonei huruma," alisema. "Huruma mnayo nyinyi, inatosha."

Ijumaa, 5 Julai

Saa moja kamili: "Mla michembe! Umekonda mpaka fimbo inakuonea aibu!" Bernard aligeuza kiti. Kala maandazi manne. Mawe sita na kidogo.

Jumapili, 7 Julai

Sasa hivi ni saa mbili usiku na chai yangu imepoa bila kunywewa. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Leo Sabasaba, na bwawani kulikuwa na mbio za mitumbwi ya plastiki. Watu wamejaa toka asubuhi, vijana wa baiskeli, akina mama na masufuria ya pilau, watoto wanapanda na kushuka mawe. Tulipotoka misa nikamketisha Bernard chini karibu na maji. Kwenye saa nane akaja Mzee Kondo amejifunga kanga kichwani, anapiga debe. Akatangaza mbele ya umati kwamba Mnyamwezi huyu amekwepa kubeba mizigo tangu Juni, kwa hiyo anachukuliwa mateka, na hatarudishwa mpaka ukoo wake ulete sinia la michembe. Watu wakashangilia. Vijana wawili wakambeba Bernard, wakamvisha jaketi la kuelea, wakamweka kwenye mtumbwi wa mbao.

Moyo ulinipasuka, lakini nilishalipa jogoo. Na Bernard alikuwa anacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Mzee Kondo akanihakikishia wanazunguka pua ya mlima tu, sitamaliza rozari moja watakuwa wamerudi.

Nilimaliza rozari. Nikaanza ya pili, nikaimaliza. Saa tisa na nusu upepo ukaanza kusukuma maji. Saa kumi watu wa mbio wakarudi, na hakuna hata mmoja aliyewaona wazee wawili. Kisha msichana mmoja wa mwisho kabisa akafika, akauliza kofia hii ya nani, kaiokota inaelea. Ilikuwa kofia ya Bernard, ile ya kijivu.

Sikupiga kelele. Nilijishangaa. Niliishika ile kofia, inachuruzika maji kwenye sketi yangu ya kanisani, na nikawaza mambo madogo madogo, kwamba asubuhi nilimkaripia kwa kumwaga chai, kwamba soksi zake bado ziko kwenye kamba. Nikawaza kwamba mimi ndiye niliyenunua jogoo.

Firdausi aliniambia, akitazama yale mawe, kwamba maji yameshuka haraka wiki hii, na kule nyuma ya pua ni tope na magugu, na mjomba wake hajapita huko tangu Mei. Akavuta kitumbwi cha watu wawili. Nikaingia. Sikumbuki nilivyoingia. Mimi, Laurentia, nisiyevuka kifundo cha mguu, nilikaa juu ya plastiki nyembamba kama sinia na maji pande zote, nimekumbatia kofia, nikamwambia Firdausi apige kafi asinitazame.

Njia nzima nilikuwa nazungumza na Mungu kwa ukali ambao sitauandika.

Tulipoanza kuzunguka ile pua nikasikia sauti ya Mzee Kondo, anafoka. Kisha ikaja sauti nyingine. Firdausi akaacha kupiga kafi.

Waliko ni pembeni kabisa, kwenye matete. Mtumbwi umekwama kwenye tope. Mzee Kondo yuko nje ya mtumbwi, tope mapajani, kanga bado iko kichwani, anauvuta kwa kamba na hauendi. Bernard amekaa katikati ya mtumbwi kichwa wazi, mgongo umenyooka, ameelekeza mkono wake wa kushoto kama msimamizi wa barabara.

"Mvivu," alisema Bernard.

Lilitoka zima. Halikuwa bado, wala mlio wa koo. Akalirudia, "Mvivu. Vuta."

Mzee Kondo alikuwa ametuona. Akaweka kidole mdomoni, tunyamaze, kisha akamgeukia kama vile hatupo. Akamwambia, "We mla michembe, babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Ndala mpaka huku, wewe hata kafi limekushinda." Akanyamaza. Akasimama kwenye lile tope, mikono kiunoni, anamtazama.

Ukimya ule sijui ulikuwa dakika ngapi. Bernard alifungua mdomo, akafunga, akafungua. Shingo ilimtoka mishipa. Nami nilikuwa nayo maneno tayari, matano, kumi, yamejaa mdomoni nimrushie achague. Nilijiziba mdomo kwa ile kofia mbichi.

"Babu," alisema. Akapumua. "Babu yako... alilala."

Mzee Kondo alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Firdausi alicheka akilia. Mimi nililia tu, nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akamwona mama yake, na kitumbwi kikawa kinayumba na wala sikujali.

Tuliwatoa kwa kamba tukisaidiwa na wale wa mbio. Kofia ilipeperushwa na upepo, basi. Hakuna aliyezama. Bernard amelala sasa hivi, anakoroma, na mimi nasikiliza ule mkoromo kama redio.

Jumatatu, 8 Julai

Nimempigia Recho, nimempigia kijana wa mazoezi, nimempigia hata padri wetu wa Kibaha. Kijana anasema hutokea, matusi na nyimbo huweza kutangulia maneno mengine. Nimechemsha michembe sinia zima nikampelekea Mzee Kondo kama fidia. Kala miwili, kasema sasa ameelewa kwa nini Wanyamwezi walikimbilia pwani.

Alhamisi, 11 Julai

Kwa siku nne Bernard kamwambia Mzee Kondo: mvivu, vuta, ngoma tu, toka. Jana kamwambia "umeuza korosho zote". Nyumba nzima ilicheka, maana Wazaramo hutaniwa kwamba huuza korosho wakachezee ngoma.

Ijumaa, 12 Julai

Niseme lililo moyoni. Na mimi ananiambia bado.

Nikimuuliza unataka maji, bado. Nikimwambia sema Laurentia, La-u-re-ntia, bado. Kondo akitokea tu kwenye njia, maneno hayo! Miaka thelathini na sita ya ndoa, watoto watatu, nimemwosha tangu Machi, halafu neno la kwanza kampa Mzaramo mwenye tope makalioni. Nina wivu. Najua ni aibu, na ninao. Mawe saba.

Jumanne, 16 Julai

Leo nilimwuliza Mzee Kondo anatumia nini. Nilimwuliza kwa ukali, kama anaficha dawa. Alikuwa anapaka lami mtumbwi, hakusimama.

"Shemeji, utani una zamu," alisema. "Nikishamtukana, zamu ni yake. Nanyamaza mpaka alipe, hata jua lizame. Wewe unamuuliza, unamjibia, unamshukuru, unaondoka na kikombe."

Nilirudi juu nimenuna. Nimekaa barazani hadi jioni nikihesabu ni mara ngapi nimemjibia leo tu. Asubuhi alifungua mdomo kuhusu sukari, nikasema ndiyo imezidi. Bi Tatu alimwuliza amelalaje, nikasema vizuri. Darasa la kwanza nilikuwa hivyohivyo. Mtoto akikwama kwenye silabi nilimtangulia, maana watoto walikuwa tisini na kipindi ni dakika thelathini. Na siku ile ya kwanza hapa, Bi Tatu alipomwuliza kwao ni wapi, nikasema Bukoba. Kama si Recho, Bernard angemaliza msimu huu akiwa Mhaya.

Alhamisi, 18 Julai

Nimejaribu kunyamaza. Nimeshindwa kabla chai haijachemka.

Jumamosi, 20 Julai

Nimemwuliza, chai au uji? Nikahesabu moyoni mpaka hamsini. Akasema bado. Nikamletea vyote viwili. Wageni wamepungua. Mawe saba na nusu.

Jumatano, 24 Julai

Nilihesabu mpaka mia moja na ishirini. Akasema, "Ch." Sikuongeza. Nikaleta chai. Nimefurahi na hiyo ch siku nzima.

Jumapili, 28 Julai

Tumetembea hadi mti wa kumi na moja, bila fimbo. Adventina kaniuliza mbele ya kwaya nzima kama jogoo hajambo. Nikamwambia ameliwa. Mawe manane.

Ijumaa, 2 Agosti

Chumba tulikipata hadi leo, na kesho Recho anakuja na gari kutuchukua. Nimefunga mabegi tangu alfajiri. Bi Tatu amesema tukitaka kukaa zaidi chumba kipo, lakini nimeona tusimchoshe, na Misugusugu kuna nyumba inayohitaji kufagiliwa. Saa kumi nikamtengenezea Bernard chai, tukakaa barazani. Ukungu ulishaondoka, bwawa liko wazi lote, Mzee Kondo yuko kule chini anakung'uta nyavu.

Nikamwambia kesho tunaondoka. Umefurahi?

Akasema, "Bado."

Zamani ningeinuka pale. Bado za Bernard nimezisikia kama elfu sita, na begi la sweta lilikuwa halijafungwa vizuri. Lakini nikabaki nimekaa. Niliweka mikono chini ya mapaja kama nilivyokuwa nikiwaambia watoto wangu wa darasa la kwanza. Sikuhesabu. Chai ikapoa, ikaota utando. Firdausi akapita, akataka kusema kitu, akatuona, akapita. Bernard alikuwa anatazama chini majini, taya linatembea, nami nilikuwa nasikia kila neno ambalo angeweza kutaka, na sikumpa hata moja.

"Laurentia," alisema.

Nikasema abee.

"Jiwe." Akanyanyua mkono wa kulia, ule mgonjwa, akaonyesha ngazi. "La tisa. Bado."

Nilidhani nayahesabu peke yangu. Nimeyaandika humu tangu Juni, kila wiki, wala sikuwahi kumwambia mtu. Kumbe naye alikuwa akikaa kwenye kile kiti na kuhesabu yaleyale, na hakuna aliyempa nafasi ya kusema. Nilimwuliza, kwa hiyo unataka tukae mpaka litoke? Nikanyamaza tena. Safari hii hakuchelewa sana.

"Ndiyo," alisema. "Na wewe... unyamaze hivyo hivyo."

Nimempigia Recho asije kesho. Kisha nimefungua begi, nikamtolea sweta yake.